Binti Anataka Kuwa Mshambuliaji: Mama Aseme Nini?

Akina mama wa Muleba, hasa wa upande wa Kamachumu na Nshamba, wametuuliza swali moja kwa namna nyingi. Wengine huliuliza kwa hasira, wengine kwa aibu kidogo, na wengine kwa kicheko cha mtu asiyejua kama afurahi au asikitike. Swali lenyewe ni hili: "Binti yangu hataki netiboli. Anataka mpira wa miguu, na mwalimu anasema anafunga mabao kuliko wavulana. Nimwache au nimkataze?"

Wapenzi wasomaji, mwezi huu hatutalikwepa swali hilo. Limeshafika nyumbani kwetu. Pita rweyani jioni, pale ng'ombe wanaporudishwa, utaona mpira uliotengenezwa kwa majani makavu ya mgomba na kufungwa kwa kamba za mgomba huohuo, na miguu inayoukimbiza si ya wavulana peke yao. Zamani msichana aliyeonekana pale aliitwa jike dume, akarudi nyumbani analia. Siku hizi harudi. Anaomba apewe pasi.

Tumtazame binti mmoja ambaye safari yake ilipita ng'ambo tu ya ziwa letu. Aisha Masaka alizaliwa mwaka 2003. Alilelewa kimpira katika timu ya Alliance Girls ya Mwanza, timu iliyoota ndani ya shule, ambako mtoto huingia darasani asubuhi na uwanjani jioni. Mwaka 2020 alihamia Yanga Princess ya Dar es Salaam. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, timu yetu ya wasichana wa chini ya miaka 17 ilikwenda Afrika Kusini kwenye mashindano ya COSAFA. Tanzania ilitwaa kombe kwa kuishinda Zambia kwa mikwaju ya penalti, na Masaka akawa mfungaji bora kwa mabao 10.

Mwanzoni mwa mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 18, alisajiliwa na klabu ya BK Häcken ya mji wa Gothenburg, Uswidi. Kwa sisi watu wa Kagera Uswidi si nchi ya kusikia redioni tu. Wazee wa Kamachumu wanawakumbuka wauguzi na madaktari Waswidi wa hospitali ya Ndolage, na Bukoba iliwahi kuwa na askofu Mswidi, Bengt Sundkler, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miaka mingi wao ndio waliokuja kwetu wakiwa na ujuzi wao. Safari hii binti wa Kitanzania ndiye aliyekwenda kwao, na ujuzi aliokwenda nao ulikuwa miguuni.

Tusidhani alipofika kule mambo yalikuwa mteremko. Hakuanza kila mchezo. Fikiria binti wa miaka 18 katika theluji, lugha haijui, chakula si kile alichokizoea, na siku ya mchezo anakaa benchi akingoja kuitwa. Wengi wangepanda ndege kurudi. Yeye alikaa, na katika msimu wa 2023/24 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Ulaya. Katikati ya mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika klabu ya Ligi Kuu ya Wanawake ya England.

Wala hakuwa peke yake. Clara Luvanga naye alitoka Yanga Princess, akaenda Hispania mwaka 2023, na mwaka huohuo akahamia Al Nassr ya Saudi Arabia, ambako amekwisha kubeba ubingwa wa ligi. Opah Clement alitoka Simba Queens akaenda kucheza Uturuki. Na kabla ya hao wote walikuwapo dada zao wa Twiga Stars ya mwaka 2010, akina Asha Rashid na Sophia Mwasikili, waliokwenda fainali za Afrika kwa mara ya kwanza wakiwa chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa. Walipoteza michezo yote mitatu. Watu walicheka. Ilipita miaka 15 kabla ya Twiga Stars kurudi katika fainali hizo, nchini Morocco, mwezi Julai 2025. Safari hiyo walitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa ndio mabingwa watetezi, na bao letu lilifungwa na Opah. Katikati ya safari hizo mbili wadogo zao wa Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 kule India, mwaka 2022. Waliifunga Ufaransa 2-1 wakafika robo fainali. Tanzania haikuwahi kupeleka timu ya mpira wa miguu, ya wanaume wala ya wanawake, katika Kombe la Dunia la FIFA la nyasi mpaka wasichana hao walipokwenda.

Basi mama wa Nshamba asiseme mpira wa wasichana ni upuuzi wa watoto wa mjini. Ila tukiishia hapo tutakuwa tumempa nusu ya jibu, tena nusu tamu. Kwa kila Masaka mmoja wapo wasichana wengi waliofunga mabao mengi wakiwa darasa la saba, na leo hakuna anayewakumbuka. Baadhi walichoka. Baadhi waliumia goti. Na baadhi waliacha shule kwa sababu waliambiwa mpira utawalipa, nao mpira haukuwalipa.

Hapa tunapenda tuwapeleke Italia, nchi ambayo imekuwa na washambuliaji wa kike hodari kwa miaka mingi. Mmoja wao ni Carolina Morace, aliyezaliwa Venice mwaka 1964. Alivaa jezi ya timu ya taifa akiwa na miaka 14. Hebu tafakari: umri wa mtoto wa kidato cha kwanza au cha pili kwetu! Aliichezea Italia michezo 153 na kuifungia mabao 105. Alikuwa mfungaji bora wa ligi ya nchi yake mara 12. Mwaka 1990, katika uwanja wa Wembley, aliwafunga Waingereza mabao manne peke yake, na mwaka uliofuata, katika Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, akawa mtu wa kwanza kufunga mabao matatu katika mchezo mmoja wa mashindano hayo.

Mwanamume mwenye hesabu kama hiyo angejengewa sanamu na kustaafu tajiri. Lakini kwa sheria za Italia za wakati huo mwanamke hakuwa mchezaji wa kulipwa. Alihesabiwa kuwa mtu anayecheza kwa kujifurahisha, hata kama alifanya mazoezi kila siku na kujaza viwanja. Ligi Kuu ya wanawake ya Italia haikutambuliwa kuwa ya kulipwa mpaka tarehe 1 Julai 2022, wakati Morace alikuwa ameacha kucheza kwa zaidi ya miaka 20. Wadogo zake wa leo, kama Cristiana Girelli wa Juventus, walikuwa wamepita miaka 30 ndipo sheria ikawatambua.

Je, Morace alifanya nini? Alisoma. Huku akifunga mabao alichukua shahada ya sheria. Alipoacha kucheza mwaka 1998 hakuachwa na kumbukumbu za magazeti tu. Mwaka 1999 alipewa timu ya wanaume ya kulipwa, Viterbese, akawa mwanamke wa kwanza Italia kuifundisha timu ya namna hiyo. Alijiuzulu baada ya michezo miwili. Wapo waliolichekelea jambo hilo, lakini yeye aliendelea, akafundisha timu za taifa za wanawake, na mwaka 2024 akachaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la Ulaya. Sisi tunaamini kwamba shahada ile ilimfaa kuliko mabao yote 105, maana mwanamke mwenye kazi nyingine mkononi anaweza kumwambia tajiri wa timu "hapana" na usiku bado akala.

Ndiyo sababu tunasema mama asikubali kuulizwa achague kati ya shule na mpira. Mtu anayekutaka umtoe binti shuleni ili akacheze amekuonyesha mwenyewe kwamba hamtakii mema. Na mzazi anayemnyang'anya binti mpira kwa kisingizio cha shule naye ajitazame, maana mara nyingi muda uliookolewa hauendi kwenye daftari. Unakwenda jikoni. Tunawafahamu wasichana wa vibanja vyetu: wakitoka shule kuna maji, kuna kuni, kuna kumenya ndizi, kuna kahawa ya kuanua kabla mvua haijaja. Kaka yake wakati huo yuko rweyani anacheza, na hakuna anayemwita. Hatujapata kusikia ndizi iliyokataa kumenywa na mvulana. Akina baba wa hapa wanaosoma gazeti hili kwa kificho wanajua tunasema nini.

Sasa tuyaseme yale ambayo akina mama huyauliza kwa sauti ya chini.

La kwanza ni uzazi. Bado wapo wanaoamini kuwa msichana anayecheza mpira hatazaa. Si kweli. Tumbo la uzazi limekaa ndani, limelindwa na mifupa ya nyonga, na kukimbia hakuliharibu. Wachezaji wakubwa wamezaa na kurudi uwanjani. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinaitaka klabu impe mchezaji likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara wake, wala klabu hairuhusiwi kuvunja mkataba kwa sababu ya mimba. Wapo waliojaribu kuzikwepa. Mchezaji wa Iceland, Sara Björk Gunnarsdóttir, alipokuwa mjamzito hakulipwa mshahara kamili na klabu yake ya Lyon ya Ufaransa. Alidai, na baraza la FIFA likaamuru alipwe zaidi ya euro 82,000. Baada ya hapo alikwenda Italia kuichezea Juventus, mtoto wake akiwa mdogo.

Tunawakumbusha tu kwamba bibi zetu wa Buhaya walikusanya senene kwa mikono yao, wakawakaanga, na hawakuruhusiwa kuwala. Waliambiwa si chakula cha mwanamke. Leo msimu wa Novemba ukifika, nani anathubutu kumnyima mama senene?

La pili ni mwili wenyewe. Hatari iliyopo kweli ni goti. Wasichana huchanika kano ya ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana, na jeraha hilo linaweza kumaliza safari ya mchezaji katika sekunde moja. Kinga yake haihitaji fedha. Yapo mazoezi ya kupasha mwili yanayochukua kama dakika 20, yaliyotayarishwa na wataalamu wa FIFA: kukimbia polepole, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa na yasiangukie ndani. Yakifanywa mara mbili au tatu kwa wiki hupunguza majeraha kwa kiasi kikubwa. Muulize mwalimu wa timu kama anayajua. Kama timu huanza kucheza palepale watoto wanapotoka darasani, bila kupasha mwili, mama una haki ya kusema neno. Vilevile binti anayecheza anahitaji kula. Ndizi na maharage ni chakula kizuri, aongezewe dagaa au yai, kwa kuwa msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi na huishiwa nguvu upesi. Na apewe taulo za kutosha. Wapo walioacha mpira kwa sababu hiyo moja tu, na hawakumwambia mtu.

La tatu ndilo linalotunyima usingizi, nalo ni wanaume walio pembeni ya uwanja. Tuseme wazi. Wasichana wa miaka 13 au 14, wanaosifiwa, walio mbali na nyumbani, wenye njaa ya kufanikiwa, huvutia watu wenye nia mbaya. Yupo atakayemnunulia viatu. Yupo atakayempa simu. Yupo atakayemwambia kwamba nafasi ya kwenye kikosi ina bei yake. Walimu wengi ni waaminifu nasi tunawaheshimu, lakini mwaminifu hachukii kuulizwa. Timu inaposafiri kwenda UMISSETA au mashindano mengine, uliza: Ni mwanamke gani mtu mzima anayekwenda nao? Watalala wapi, na mlango unafungwa na nani? Atarudi siku gani? Timu ya wasichana isiyo na mlezi wa kike isisafiri na mtoto wako, hata kama inakwenda Bukoba mjini tu kucheza Kaitaba na kurudi jioni.

Ukubwa wa jambo hili unaongezeka kadiri njia inavyorahisika. Zamani kumpeleka mtoto Mwanza kulikuwa safari ya kufikiriwa wiki nzima. Sasa kutoka Muleba basi hupita Biharamulo na Geita, na tangu Juni 2025 linavuka kwa daraja pale Busisi badala ya kungoja kivuko. Ni jambo jema. Lakini mtu atakayekuja kumchukua binti yako naye anapita daraja lilelile.

Na huyo mtu akija akisema ana nafasi ya Ulaya, tafadhali shikeni jambo hili moja hata kama mengine yote mtayasahau. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa masharti machache sana, kama vile wazazi wenyewe kuhama kwa sababu zisizohusiana na mpira. Rudini juu mtazame: Masaka alikwenda Uswidi akiwa na miaka 18. Kwa hiyo bwana anayefika Kamachumu na gari zuri, akasema amempatia binti wa miaka 15 timu ya Italia au Uturuki, na kwamba inahitajika fedha kidogo ya hati, huyo ama hajui kanuni ama anazijua vizuri mno. Familia zimeuza ng'ombe na kukodisha kibanja kwa ahadi za namna hiyo. Wakala wa kweli hulipwa kutokana na mkataba, haji kuchukua fedha ya kahawa kwa mama.

Mzazi mmoja alituambia, "Lakini nikikataa nitakuwa nimemzibia mtoto riziki." Tulimjibu kwamba mtoto mwenye kipaji akiwa na miaka 15 atakuwa nacho akiwa na 18. Kipaji hakiozi kama parachichi. Miaka hiyo mitatu aitumie kumaliza kidato cha nne, kujifunza Kiingereza cha kumwezesha kusoma mkataba, na kufunga mabao hapahapa nchini. Ligi Kuu ya wanawake ya Tanzania ilianza msimu wa 2016/17, bingwa wake wa kwanza akiwa Mlandizi Queens ya mkoa wa Pwani. Masaka na Luvanga hawakuokotwa vichochoroni na watu wa Ulaya. Walionekana katika ligi hiyo na katika jezi ya taifa, hadharani, mbele ya watu na majina yao yakiwa yameandikwa.

Kuhusu bukta, maana tunajua lipo, sisi hatuoni sababu ya kulifanya jambo kubwa. Ipo bukta ndefu ya kufika magotini, na kama usharika wenu una wazee wasiopenda, binti anaweza kuvaa suruali ya kubana chini ya bukta kama wafanyavyo wachezaji wengi. Michezo ya Jumapili asubuhi ni jambo la kuzungumza na mwalimu mapema, si la kugombana na mtoto siku yenyewe.

Tumeulizwa pia jambo dogo ambalo watu hulidharau: cheti cha kuzaliwa. Bila hicho hakuna mashindano ya umri yatakayompokea, na baadaye hakuna pasipoti. Maombi hufanywa kwa msajili wa RITA katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa watu wa Muleba ni hapo Muleba mjini. Nenda na tangazo la kizazi ulilopewa hospitalini au zahanati, au kama lilipotea, vitambulisho vinavyoonyesha tarehe, kama cheti cha ubatizo na kadi ya kliniki. Andikisheni tarehe ya kweli. Atatokea mtu wa timu atakayeshauri kupunguza miaka miwili ili binti aendelee kucheza na wadogo, na atasema kila mtu hufanya hivyo. Mkatalieni. Mchezaji aliyedanganya umri hufungiwa, na timu nzima huondolewa mashindanoni pamoja naye. Cheti kikitoka, toeni nakala mbili, moja apewe mwalimu wa shule na nyingine ikae nyumbani, na kile chenyewe mama akiweke pale anapoweka hati ya kibanja.